Kitabu cha Kwenda Kotile

Kila asubuhi kabla ya kwenda shuleni, Nasteha alipitia sokoni kumsaidia shangazi yake kupokea maziwa. Shangazi huyo aliitwa Rukiyo, lakini Nasteha alimwita Eddo, kama Wasomali wanavyomwita dada ya baba. Maziwa ya ngamia yalifika mjini Garissa juu ya magari ya mizigo, yakiwa ndani ya mitungi ya plastiki iliyofungwa vitambaa vya rangi mbalimbali ili kila mama autambue mtungi wake.

Kundi la akina Eddo Rukiyo lilikuwa na sheria moja isiyojadiliwa. Kabla ya maziwa kumiminwa katika pipa moja kubwa, kila mtungi ulionjwa, na hakuna mama aliyeruhusiwa kuonja wa kwake. Hinda alionja maziwa ya Rukiyo, Rukiyo akaonja ya Hinda, na hivyo hivyo kwa wengine, maana mtungi mmoja uliochacha ungeharibu pipa zima. Kazi ya Nasteha ilikuwa kushika kifuniko cha kuonjea na kukisuuza kila mara.

Aliipenda kazi hiyo kwa sababu ililingana na tabia yake. Msichana huyu alishuku kila kitu. Akipewa chai, alinusa kwanza. Akiambiwa mwalimu wa hesabu ni mgonjwa, alizunguka nyuma ya ofisi kuchungulia dirishani. Wenzake wa darasa la saba walimwita Polisi, naye jina hilo halikumuudhi hata kidogo. Tatizo ni kwamba mara nyingi alipatia, na kupatia mara nyingi kulimfanya ajiamini kupita kiasi.

"Haya maziwa ni ya leo kweli?" muuguzi mmoja mgeni mjini aliuliza asubuhi hiyo.

"Hii maziwa ni ya leo, walaahi," Eddo alimjibu kwa Kiswahili chake cha sokoni. "Wewe onja. Ikikuwa mbaya, wacha."

"Mimi ningeonja," Nasteha alimnong'oneza muuguzi. Eddo alimkata jicho, naye Nasteha akachukua mfuko wake wa vitabu na kushika njia ya kwenda Galbet, mtaa ilikokuwa shule yao.

Huo ulikuwa mwaka wa 1999, na shule nzima ilikuwa na kompyuta moja tu. Ilikaa katika chumba kilichokuwa stoo ya chakula, ikifunikwa kwa blanketi kuikinga na vumbi. Mwalimu Kaaha, aliyesomea Nairobi, ndiye pekee aliyeielewa vizuri. Alianzisha chama cha kompyuta na kuwafundisha wanafunzi wachache lugha inayotumiwa kuandika kurasa za mtandao. Intaneti yenyewe hawakuwa wameiona, kwa kuwa shule haikuwa na simu, lakini ukurasa uliweza kuandikwa na kufunguliwa katika mashine ile ile. Kwao hilo lilikuwa ajabu ya kutosha.

Siku moja baada ya masomo, Mwalimu Kaaha aliweka vitabu viwili juu ya meza. Kimoja kilikuwa kinene, chenye jalada jekundu linalong'aa. Cha pili kilikuwa chembamba, cha manjano, na karatasi zake zilikuwa hafifu.

"Lile shirika lililotupa kompyuta litanunua vitabu vya kujifunzia," alisema. "Havitakuwa vyetu tu. Shule ya kijijini Kotile nayo imepata kompyuta, ile inayotumia umeme wa jua. Lakini kule hakuna mwalimu hata mmoja anayejua kuiwasha. Kitabu ndicho kitakachokuwa mwalimu wao."

Nasteha alikaa wima. Binamu yake Sahara, binti wa Eddo Rukiyo, alisoma Kotile na kuishi kwa nyanya yao. Kila alipokuja mjini, Sahara aliuliza habari za kompyuta mpaka watu wakamkimbia.

"Vitabu vyote viwili vinasema ni vya wanaoanza," Mwalimu Kaaha aliendelea. "Kusema ni rahisi. Nataka mvijaribu mniambie ni kipi kinachomfundisha kweli mtu asiyejua kitu. Vitanunuliwa mara moja tu. Tukichagua vibaya, watoto wa Kotile watakaa na kompyuta wasiyoweza kuitumia. Guled, chukua chekundu. Nasteha, cha manjano."

Guled alikuwa mwenyekiti wa chama, mvulana mrefu mwenye sauti ya kujiamini. Alikikumbatia kile kitabu kinene huku akitabasamu. Kwa nini yeye ndiye apewe kikubwa, Nasteha alijiuliza, na toka dakika hiyo akaanza kumwangalia.

Wakawa wanaitumia kompyuta kwa zamu. Zamu ya Nasteha ilipofika, alimkuta Mwalimu Kaaha ameshaondoa blanketi, amewasha mashine na kufungua programu ya kuandikia. Ukurasa mweupe ulikuwa ukimsubiri. Nasteha alifungua kitabu cha manjano, akafuata mifano yake mmoja baada ya mwingine. Alipokwama alimtazama mwalimu, na mwalimu aliweka kidole kwenye kioo. "Bonyeza hapa," alisema, kisha akaendelea kusahihisha madaftari.

Siku maneno "Ngamia wa Eddo" yalipotokea kwa herufi kubwa za bluu, Nasteha alipiga kelele ya furaha mpaka mlinzi akaja kuuliza kuna nini. Alitoka pale akiwa na hakika kwamba hakuna kitabu bora zaidi ya hicho duniani. Kuhusu kitabu chekundu alikuwa na hakika nyingine, ingawa hakuwa amekisoma.

Shaka yake ilianzia kwenye gazeti. Guled alikuwa amekifunika kitabu chake kwa gazeti kuukuu, na kila Nasteha aliposogea karibu, alikifunga haraka. Ukimwuliza kinaendeleaje, alijibu, "Kitabu safi sana. Poa kabisa. Nimekimaliza." Hakuongeza neno. Guled aliyezoea kueleza hata jambo asiloulizwa, sasa alikuwa na jibu moja tu.

Kisha Nasteha alimwona kwenye duka la Bare. Bare aliuza kalamu, betri na kanda za muziki karibu na posta, na ndiye aliyekuwa amekileta kitabu chekundu kutoka Nairobi. Kikichaguliwa, yeye ndiye angeuza nakala zote. Nasteha alisimama nyuma ya mkokoteni wa maji akachungulia. Guled alikuwa ameinama juu ya kaunta akinong'ona. Bare alitikisa kichwa, akanong'ona naye, kisha akampiga Guled begani. Guled alipotoka, alikuwa ameficha kitu chini ya shati.

"Haye," Nasteha alisema peke yake. "Sasa nimeelewa."

Lakini polisi hutaka ushahidi, naye aliupata siku iliyofuata. Wavulana walipokwenda kuswali adhuhuri, Guled alisahau mfuko wake ukiwa wazi juu ya dawati. Nasteha alitazama kushoto na kulia, akatoa kitabu na kukifungua. Kurasa za mwanzo zilikuwa chafu kwa alama za vidole, na moja ilikuwa na doa la mafuta ya sambusa. Halafu, ghafla, uchafu ukaisha. Baada ya ukurasa wa kwanza wa sura ya tatu, kurasa zilikuwa safi kama zilivyotoka kiwandani, na nyingine zilikuwa bado zimegandana pembeni. Guled alikuwa akiwaambia watu kwamba amekimaliza kitabu hiki. Alikuwa hajafika hata robo.

Nasteha alikirudisha kitabu mahali pake. Moyo ulimdunda kwa hasira, lakini pia, tusifichane, kwa furaha kidogo.

Chama kilipokutana tena, Mwalimu Kaaha aliomba ripoti. Guled alisimama kwanza.

"Kitabu chekundu ni kizuri sana, Mwalimu. Nimekimaliza. Kichaguliwe hiki."

Nasteha hakungoja kuitwa. "Mwalimu, Guled amehongwa na Bare!"

Chumba kililipuka kwa kelele. Guled aligeuka, uso umembadilika. "Nimehongwa nini mimi?"

"Wewe ndiye unayejua. Nilikuona dukani. Ulitoka na kitu chini ya shati. Na kitabu hujakimaliza. Kurasa zimegandana!"

"Umefungua mfuko wangu?"

"Jibu swali kwanza!"

Guled aliangalia sakafu, na kila mtu mle ndani akadhani amekamatika. Mwishowe alisema kwa sauti ya chini, "Na yeye je? Mwulizeni kama cha manjano amekifanya peke yake."

"Peke yangu," Nasteha alijibu upesi. "Ukurasa kwa ukurasa."

Mwalimu Kaaha alimtazama Nasteha. Alimtazama kwa muda mrefu kuliko Nasteha alivyopenda.

"Kaeni chini," alisema hatimaye. "Leo nimesikia sifa na nimesikia mashtaka. Habari za vitabu bado sijazisikia. Kesho mtarudi hapa mkiwa na akili zilizotulia."

Jioni hiyo Sahara aliwasili kutoka Kotile akiwa juu ya gari la mizigo, shavu lake la kulia limevimba. Alikuwa ameletwa hospitalini kung'olewa jino, lakini daktari alisema uvimbe upungue kwanza. Maneno machache aliyoweza kuyatoa aliyatumia yote kwa jambo moja.

"Kompyuta," alisema kwa shida. "Nitaiona?"

"Utaiona," Nasteha alimjibu, akamsimulia kisa cha Guled mwanzo hadi mwisho. Alipofika pale aliposema "peke yangu", alipita haraka.

Asubuhi iliyofuata, sokoni kulizuka jambo. Hinda alichukua kifuniko, akaonja maziwa ya mtungi wenye kitambaa chekundu, kisha akatema pembeni.

"Rukiyo, mtungi huu umechacha."

"Umechacha? Wangu?" Eddo Rukiyo aliacha yote aliyokuwa akifanya. Alimpokonya Hinda kifuniko, akakijaza, akanywa maziwa yote kwa mkupuo mmoja. "Matamu kabisa! Hinda, wewe una lako jambo. Tangu juzi unaniangalia kwa jicho baya."

"Sina lolote nawe, abaayo, dada yangu. Maziwa yamechacha."

"Unataka mtungi wangu ubaki nje ili wako ndio ujaze pipa!"

Akina mama wengine wawili walionja. Wote walikunja nyuso, wakaweka kifuniko chini. Eddo Rukiyo aliubeba mtungi wake na kuuweka kando huku akinung'unika. Nasteha alisubiri mpaka wateja walipopungua.

"Eddo, kweli hukuusikia ule uchachu?"

Shangazi yake alifunga na kufungua kitambaa cha mtungi mara mbili tatu kabla ya kujibu. "Niliusikia," alisema. "Lakini nilitaka yawe matamu. Nilitaka sana, mpaka ulimi ukakubali." Kisha alisimama, akamwendea Hinda, akamwambia maneno ambayo Nasteha hakuyasikia. Hinda alicheka na kumpa nafasi ya kukaa.

Nasteha alitembea hadi shuleni polepole. Neno "peke yangu" lilikuwa likimrudia kichwani na kumkera. Aliuona ukurasa ule mweupe uliomsubiri kila siku, na kidole cha mwalimu kwenye kioo. Nani alikuwa akiufungua ukurasa ule? Si yeye. Kitabu cha manjano kilisema nini juu ya kuufungua? Alijaribu kukumbuka na hakukumbuka chochote. Kwa mara ya kwanza alianza kukishuku kitabu chake mwenyewe, na hakuifurahia hali hiyo hata kidogo.

Mchana aliingia kwenye chumba cha kompyuta akimshika Sahara mkono. Guled alikuwa amekaa peke yake pembeni.

"Mwalimu," Nasteha alisema, "naomba tuonje vitabu."

"Tuvionje?"

Nasteha alieleza sheria ya akina mama wa maziwa. "Mimi nakisifu changu, Guled anakisifu chake. Sisi hatufai kuonja. Huyu ni Sahara, anatoka Kotile. Hajawahi kugusa kompyuta. Tumpe kitabu, kisha sote tunyamaze. Anaposoma cha manjano, Guled aangalie. Anaposoma chekundu, niangalie mimi."

"Na shavu lenyewe lilivyo, hata kutusifia hawezi," mmoja wa wanafunzi alisema, na Sahara akacheka huku akilishika shavu kwa uchungu.

Mwalimu Kaaha alifikiri kidogo, kisha akainuka kwenye kiti chake. "Vizuri. Na mimi nitakaa mlangoni. Kompyuta ibaki imezimwa, na mtu asimsaidie hata kwa jicho."

Sahara alianza na kitabu cha manjano. Alisoma ukurasa wa kwanza kwa makini, kidole kikifuata kila mstari. Aliondoa blanketi. Alitazama mashine, akatazama kitabu. Hakukuwa na maelezo ya kuwasha. Kwa bahati alikipata kitufe mwenyewe, na kioo kilipong'aa aliruka nyuma. Akarudi kitabuni. Kitabu kilimwambia afungue programu ya kuandikia, aandike mfano, kisha autazame ukurasa wake.

Sahara aliinama akatazama chini ya meza. Akatazama nyuma ya mashine. Alirudia kuusoma mstari ule, kisha akawageukia watu wote kwa macho ya kuuliza: hiyo programu iko wapi?

Nasteha alihisi miguu ikimwasha. "Si unabonyeza tu ile ya—"

"Nyamaza!" Guled alisema.

Alinyamaza. Sahara aliisukuma mausi huku na huku juu ya meza, akaiinua akaitazama tumboni, akairudisha. Dakika zilipita. Mwishowe alikifunga kitabu taratibu na kukiweka mbali naye. Machozi yalikuwa yakimlengalenga. "Mimi ni mjinga," alisema kwa mdomo wake uliovimba.

Maneno hayo yalimchoma Nasteha kuliko kama angetukanwa mbele ya gwaride. Sahara hakuwa mjinga. Sahara alikuwa wa kwanza darasani mwao huko Kotile. Hivi ndivyo ingekuwa kwa watoto wote kule: wangekaa mbele ya mashine, wangekwama, halafu wangejilaumu wao wenyewe.

"Si wewe," Nasteha alisema. "Ni kitabu. Na ni mimi. Mwalimu, nilisema nimekifanya peke yangu. Nilidanganya. Kila siku nilikuta umeshanifungulia, na nilipokwama ulinionyesha."

"Najua," Mwalimu Kaaha alisema. "Nilikuwepo. Tuendelee na chekundu."

Kitabu chekundu kilikuwa na michoro. Kilionyesha kitufe kilipo, namna ya kushika mausi, mahali pa kubonyeza. Sahara alikwenda hatua kwa hatua, ulimi nje, na baada ya muda jina lake lilikuwa limeandikwa katikati ya kioo. Wanafunzi walipiga makofi. Nasteha, aliyekuwa akiangalia kila hatua akitafuta kasoro, alikubali moyoni kwamba hakuiona. Alimtupia Guled jicho akitegemea kumwona akiringa. Guled alikuwa anatoka jasho.

Sahara alifungua sura ya tatu. Akasoma. Akasoma tena. Kisha akainua kichwa akauliza neno moja.

"Simu?"

Nasteha alisogea akasoma begani kwake. Kitabu kilimtaka msomaji aunganishe kompyuta na laini ya simu, aingie kwenye intaneti na kuchukua programu maalumu. Alipekua mbele. Kila zoezi kutoka hapo hadi mwisho lilitaka programu hiyo hiyo. Bila simu, kitabu chote kile kinene kilikuwa kimekwisha.

"Kotile hakuna simu," Sahara alisema.

"Hata hapa shuleni hakuna," Nasteha alisema, akamgeukia Guled. "Wewe ulijua."

"Nilijua." Guled alisimama. "Lakini sikuhongwa. Nilikwenda kwa Bare kumwomba nitumie simu ya dukani. Akaniambia kompyuta haiwezi kubebwa hadi kwake, na kwamba yeye mwenyewe hajawahi kukifungua kitabu hiki, alikiagiza tu. Kile kitu chini ya shati kilikuwa kitabu chenyewe. Sikutaka mtu anione nacho."

"Kwa nini basi hukusema?"

"Mimi ni mwenyekiti!" Guled alisema kwa uchungu. "Nilidhani wengine wote wangeweza, ni mimi tu nimeshindwa. Ningesimamaje mbele yenu niseme kitabu cha wanaoanza kimenishinda?"

Hakuna aliyecheka. Nasteha alikumbuka alivyosimama jana na kupaza sauti mbele ya wote, na uso ukamwaka moto. Alikuwa amegundua kweli kwamba Guled anasema uongo, lakini sababu ya uongo huo aliitunga mwenyewe.

"Guled, nisamehe," alisema. "Nilikuita mla hongo mbele ya watu. Na mfuko wako nilikosea kuufungua."

"Na mimi niliwadanganya," Guled alijibu. "Yaishe."

Mwalimu Kaaha alirudi mezani. "Haya, waamuzi. Tumeona vyote viwili vina kasoro. Kotile wapelekewe kipi?"

Walibishana kweli kweli. Wengine walitaka chekundu kwa sababu ya michoro. Wengine walisema kisipelekwe chochote. Guled ndiye aliyetegua kitendawili. Alivishika vitabu vyote viwili, kimoja kila mkono, akasema, "Cha manjano kimekosa maelezo ya mwanzo. Chekundu kimekosa simu. Maelezo tunaweza kuyaandika sisi. Simu hatuwezi kuiandika."

"Cha manjano, basi," Nasteha alisema. "Lakini tusiyaandike sisi wenyewe tu. Tuandike na Sahara."

Hivyo ndivyo karatasi za mwanzo zilivyozaliwa. Guled alichora kama kitabu chekundu kilivyochora, Nasteha akaandika, na Sahara akakaa kitini kama hakimu. Kila alipokunja uso, sentensi ilifutwa.

"Mmesema bonyeza," Sahara alisema siku ya pili, uvimbe ukiwa umepungua na maneno yamerudi kwa wingi. "Mara ngapi? Nikibonyeza mara moja haifunguki."

Nasteha na Guled walitazamana. Walikuwa wakibonyeza mara mbili siku zote bila kujua kwamba wanafanya hivyo. Wakaongeza. Wakaeleza pia namna ya kuhifadhi kazi na namna ya kuufungua ukurasa uutazame. Mwishowe Sahara alizima mashine, akaifunika blanketi, akaanza upya kwa kufuata karatasi zile na kitabu cha manjano. Hakuna aliyesema neno. Alipomaliza, kioo kilionyesha "Naitwa Sahara wa Kotile" kwa herufi kubwa za kijani, naye akapiga kigelegele ambacho hakikusubiri ruhusa ya jino.

Ripoti waliyotuma ilisema yote: uzuri wa kila kitabu, kasoro ya kila kitabu, na mahali wao wenyewe walipokwama. Bare aliposikia kitabu chake hakikuchaguliwa, alikubali kwamba hata yeye asingeenda mbali nacho, akajitolea kutoa nakala za karatasi zile kwa mashine yake bila malipo. Nasteha alizipekua zote moja moja kuona kama hakuna iliyofifia. Bare alimtazama akacheka, lakini haikuwepo hata moja mbaya.

Vitabu vilikwenda Kotile pamoja na karatasi, na Sahara akarudi navyo bila jino lake. Muhula ulipita. Kisha asubuhi moja dereva wa gari la mizigo alimpa Eddo Rukiyo kifurushi kidogo kilichofungwa kwa kitambaa chekundu cha mtungi. Ndani mlikuwa na disketi.

Chama kizima kilijazana chumbani. Mwalimu Kaaha hakuigusa kompyuta. Alimwachia Nasteha aiwashe. Ukurasa ulifunguka. Ulikuwa na majina ya wanafunzi wa Kotile, habari za malisho na mvua, na kwa kila jina palikuwa na mahali pa kubonyeza ili kusoma zaidi. Chini kabisa paliandikwa: "Ukurasa huu umeandikwa na Sahara. Aliyeujaribu ni Mahat, si mimi."

Guled alicheka mpaka akashika tumbo. Nasteha naye alicheka, huku mkono wake ukiendelea kubonyeza jina moja baada ya jingine kuhakikisha kila moja linafunguka. Yote yalifunguka.

"Bado unashuku, Polisi?" Mwalimu Kaaha aliuliza.

"Kidogo, Mwalimu."

"Usiache. Kushuku si kosa. Vitu vingi hujisifu, na lazima mtu avijaribu. Kosa lako lilikuwa kumshuku kila mtu isipokuwa Nasteha. Nawe Guled, kosa lako lilikuwa kuona aibu kusema umekwama. Mngeendelea vile, Sahara angekuwa Kotile sasa hivi akiamini kwamba yeye ni mjinga. Mtu akisema ukweli kuhusu mahali alipokwama, anamtengenezea njia anayekuja nyuma yake. Hilo ndilo ninalotaka mwondoke nalo hapa. Mengine ya kompyuta mtajifunza tu." Aligeuka na kumtazama Nasteha. "Na mimi pia nimejifunza. Siku hizi nawaacha muwashe wenyewe."

Mchana ule waliandika ukurasa wa kujibu Kotile. Nasteha aliandika mstari wa mwisho, akausoma, akauona ni mzuri sana. Alitaka kuuhifadhi papo hapo. Badala yake alisimama na kumpa Guled kiti.

"Jaribu wewe," alisema. "Mimi nanyamaza."